Mwanamke Aliyesema Alijifunza Mwenyewe

Mwaka 2017 Marcelline Kavira alisema uongo wa maneno mawili, na uongo huo ukaingia katika kitabu cha habari za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu sita iliyopita, kwenye pwani za kaskazini mwa Ulaya ambako yeye hajafika wala hatafika. Aliulizwa ni nani aliyemfundisha kufinyanga vyungu. Akajibu, "Nilijifunza mwenyewe."

Hakuwa mtu wa uongo. Majirani zake wa Katoyi, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, walimwachia funguo za nyumba zao wakisafiri, na parokiani ndiye aliyetunza sanduku la akina mama wa kikundi cha sala. Alizaliwa Butembo, katika familia ya wauza viazi na maharagwe, akaolewa na dereva wa lori aliyeitwa Jean-de-Dieu, wakahamia Goma na kujenga nyumba ya mbao kule Murara. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita juu ya nyumba hiyo. Walipanga chumba Katoyi, wakaanza upya. Miaka minne baadaye lori la Jean-de-Dieu lilianguka kwenye mteremko wa Kanyabayonga, na Marcelline akabaki na binti mmoja, Élodie, aliyekuwa na miaka minane.

Alianza kuuza sabuni, chumvi na viberiti. Mwishoni mwa mwaka 2008, watu wa Masisi na Rutshuru walipokimbia vita na kujaa kambi ya Mugunga, alifuata wateja huko. Kila asubuhi alipanda barabara ya Sake na beseni lake, akazunguka kati ya vibanda vya turubai vilivyosimikwa juu ya mawe meusi ya volkano. Ndipo alipomwona Nyirarukundo.

Huyo alikuwa Mutwa, wa jamii ndogo ya wafinyanzi ambayo wengine huidharau na hawali wala kunywa nayo, kutoka milima ya Masisi, mwanamke mfupi wa makamo, ambaye kibanda chake kilikuwa pembeni kabisa ya kambi kwa sababu wengine hawakupenda kukaa naye karibu. Wakati huo alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anazungushia kamba ya udongo juu ya kitu kilichokuwa bado hakijawa chungu.

Marcelline aliteremsha beseni lake kichwani.

"Huku Goma hakuna udongo," alisema. "Ni mawe tu. Huo umeutoa wapi?"

"Kwenye kinamasi, upande wa Sake. Kuna mutu wa chukudu ananiletea, na ile kigari yake ya mbao."

"Na mashine ya kuzungusha iko wapi?"

Nyirarukundo aliinua mikono yake miwili yenye matope, akamwonyesha, kisha akaendelea na kazi.

Marcelline alikaa juu ya jiwe kungoja wateja, na siku hiyo hakuuza kitu. Kesho yake alirudi mahali pale pale. Wiki ya pili alijaribu kuviringisha udongo, na kamba yake ikakatika mara tano. Nyirarukundo hakucheka. Alichukua mkono wa Marcelline, akaubana ndani ya wake, akaviringisha kwa mikono yote miwili ikiwa pamoja.

Kwa miaka mitatu na zaidi alimfundisha hivyo. Maneno yalikuwa machache, maana Kiswahili cha Nyirarukundo kilikuwa cha sokoni na Kinyarwanda cha Marcelline kilikuwa kibovu zaidi. Alimfundisha kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya unga wake na udongo mbichi, ili chungu kisipasuke motoni. Alimfundisha kuchoma kwa majani makavu na magome ya mkaratusi, na kusikiliza sauti ya chungu kilichoiva ukikigonga kwa kidole. Lakini jambo aliloshikilia kuliko yote lilikuwa namna ya kuunga. Kamba ya udongo haikai wima juu ya mwenzake kama tofali, alimwonyesha. Unailaza kwa mshazari, ukingo wake wa ndani ushuke, ule wa nje upande, halafu unavuta kwa kidole gumba. Marcelline akisahau, akaweka kamba wima kwa sababu ndivyo akili inavyomwambia mtu, Nyirarukundo alimpiga kofi dogo mgongoni mwa mkono.

"Itaonekana muzuri," alisema siku moja, "na itakufia kwenye moto. Hapa ndani ndipo chungu iko. Huku inje ni nguo tu."

Élodie alikuwa akija siku za mapumziko ya shule kuwasaidia kuchekecha unga wa vigae. Alimwita Nyirarukundo mukaka, yaani bibi, na alikunywa maji katika kikombe chake. Mama yake hakufanya hivyo. Marcelline alibeba chupa yake ya maji kutoka nyumbani, na kwa miaka yote ile hakuna siku aliyoisahau.

Nyumbani Katoyi vyungu vyake vya kwanza vilianza kujulikana. Wanawake walivitaka kwa kupikia maharagwe na sombe, yaani kisamvu, wakisema ladha yake si ile ya sufuria. Walipomuuliza amejifunzia wapi kazi ya namna ile, alijibu kwamba aliona watu wakifanya. Mwanamke wa Butembo, Mkatoliki, mjane wa dereva, kwenda kukaa chini mbele ya Mutwa wa kambini ni jambo ambalo kikundi cha sala kingelizungumza kwa mwezi mzima.

Mwaka 2012 shirika moja lilikuja kambini kutafuta mfinyanzi. Lilitaka wanawake wa Mugunga wafundishwe kutengeneza mbabula, yaani majiko ya udongo, zile zinazokula makaa kidogo, na mwalimu angelipwa na kupewa cheti. Habari hizo zilimfikia Nyirarukundo. Alimwita Marcelline na kumwambia, "Weye unajua kuongea na bale batu ba biro. Uende, ubaambie niko hapa. Uniletee jibu."

Marcelline alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwenye biro, ofisi ya shirika. Msichana aliyekuwa mezani alimwangalia mikono, akaona udongo uliokauka chini ya kucha.

"Ni mama ndiye mfinyanzi?" aliuliza.

Marcelline alisema baadaye kwamba alifungua mdomo akiwa na jina la Nyirarukundo tayari kwenye ulimi. Alijiona ameketi pale kwenye kiti, akaona Élodie amerudishwa nyumbani na shule mara mbili muhula ule kwa kukosa karo, akasema, "Ndiyo, ni mimi."

Aliporudi kambini jioni hiyo, Nyirarukundo alikuwa anamngoja nje ya kibanda.

"Bamepata mutu mwingine," Marcelline alisema.

"Haya," Nyirarukundo alijibu, akainama kuendelea kupanga vigae.

Wiki mbili baadaye wanawake ishirini wa kambini walienda kwenye mafunzo, wakamkuta Marcelline amesimama mbele yao amevaa fulana ya shirika. Waliporudi walisimulia. Marcelline hakujua Nyirarukundo alisema nini, kwa sababu hakukanyaga tena upande ule wa kambi. Udongo aliuagiza mwenyewe kwa mtu wa chukudu. Baadaye kambi ile ilifungwa, watu wakarudi makwao, na alisikia kwamba Nyirarukundo naye amerudi Masisi. Cheti alikitundika ukutani, juu ya picha ya Jean-de-Dieu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Josias alipokuja.

Josias alikulia nyumba ya pili kutoka kwake, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa anasoma hadi watu wanamwonea huruma. Alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ya mambo ya kale Ujerumani, katika mji wa kaskazini kando ya Bahari ya Baltiki, na mwaka 2017 alirudi kwa likizo akiwa na kompyuta iliyojaa picha za vigae. Aliposikia kwamba Mama Élodie anafinyanga kwa mkono bila gurudumu, alikuja siku hiyo hiyo.

Alimweleza kazi yake taratibu, wakila sambaza, vidagaa vya ziwani, wa kukaanga uani. Zamani, alisema, kwenye pwani zile za baridi waliishi watu waliovua samaki, waliowinda sili na paa, waliokula chaza hadi maganda yakawa vilima. Hawakuwa na mashamba wala ng'ombe. Lakini siku moja, kabla kilimo hakijawafikia, walianza kufinyanga vyungu. Vilikuwa vinene, vizito, chini vimechongoka kama pembe, havisimami mpaka uvichimbie shimo kwenye majivu. Mpaka leo vigae vyake vina ukoko wa chakula ndani, na wataalamu wanapima wanakuta mafuta ya samaki.

"Sasa hapo ndipo banagombana," Josias alisema. "Bale ba-profesa. Bamoja banasema wakulima wa kusini ndio baliwafundisha. Bengine banasema hapana, ilitoka mashariki, kwa wawindaji wa huko Urusi, ilipita mutu kwa mutu, miaka na miaka. Mimi niko na wazo ya tatu. Labda hakuna mutu aliwafundisha. Labda baliona chungu cha jirani, bakaangalia, bakajaribu bao wenyewe."

Marcelline alipenda kusikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kazi yake kama jambo linalofaa kugombaniwa na maprofesa.

Josias alimwonyesha picha ya chungu kilichochongoka, akamwomba akitengeneze kwa kuangalia picha peke yake. Siku ya nne kilikuwa kimekamilika, kizuri, kimechongoka vilevile. Josias alipiga picha za video. Alimwomba ruhusa akivunje ili aone ndani ya ukuta wake, akapiga picha vigae navyo. Kisha alifungua daftari.

"Mama Élodie, swali moja. Mara ya kwanza kabisa, ni nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Hata mama yako hakukuonyesha?"

"Mama yangu alikuwa muuza viazi." Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimfungulia njia ya lingine. "Niliokota kigae cha chungu kilichopasuka, kule kwenye mawe ya Murara. Nikakiangalia. Nikajaribu mpaka nikaweza."

Josias aliacha kuandika, akamtazama kwa furaha ambayo Marcelline hakuisahau. Alidhani amempa kijana zawadi.

Miaka ikapita. Élodie alimaliza masomo ya uuguzi, akaajiriwa katika zahanati moja ya mjini, akabaki kuishi na mama yake. Mwaka 2023 vita vilirudi Masisi, na Mugunga ikajaa turubai tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa amehudhuria yale mafunzo ya mbabula alimwambia Marcelline sokoni kwamba Nyirarukundo amerudi, yuko kambini na mjukuu, amezeeka. Marcelline alisema ataenda kumsalimu Jumapili. Jumapili hiyo mvua ilinyesha. Ile iliyofuata palikuwa na ubatizo. Alipitisha mwaka mzima na nusu kwa Jumapili za namna hiyo, na kutoka Katoyi mpaka pale ni mwendo wa moto, yaani pikipiki ya abiria, usiozidi nusu saa.

Desemba 2024 Josias alituma kitabu. Kilikuwa kwa Kijerumani, lakini aliambatisha sura moja aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa, na kwenye ukurasa wa mbele aliandika kwa kalamu: kwa Mama Élodie, ambaye bila yeye kitabu hiki kisingekuwapo.

Élodie alimsomea mama yake baada ya chakula cha mchana, akigeuza kwa Kiswahili. Sura ile yote ilimhusu yeye, Marcelline. Kulikuwa na picha ya mikono yake. Josias alieleza kwamba, kwa maoni ya wengi, kufinyanga hakuwezi kuanza mahali bila mtu aliyekuja kufundisha, na kwamba kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta wageni, wake walioolewa mbali, wafungwa wa vita, mtu yeyote aliyevuka msitu akiwa na ujuzi mikononi. Kisha alisema hapakuwa na haja ya mtu huyo. Marcelline K., mfinyanzi wa Goma, alijifunza peke yake kwa kuangalia kigae kimoja tu. Ikiwa yeye aliweza, wavuvi wale wa Baltiki pia waliweza.

Élodie aliacha kusoma.

"Mama," alisema. "Na mukaka wa Mugunga?"

Marcelline alitazama karatasi.

"Ulimwambia Josias habari ya mukaka?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza mbele ya majirani," Marcelline alisema, ingawa siku ile pale uani hapakuwa na mtu mwingine. Élodie alikunja karatasi zile, akazirudisha ndani ya kitabu, na hakumuuliza tena. Kwa siku kadhaa waliongea mambo ya maji na makaa tu.

Marcelline aliamua kwamba Krismasi ikipita ataenda Mugunga. Mwezi Januari mapigano yalisogea Sake, halafu yakaingia mjini kwenyewe. Walilala chini ya kitanda siku tatu, bila maji wala umeme. Mwezi wa pili watu wa kambini waliambiwa watoke. Alipofika Mugunga katikati ya Machi hakukuta kibanda hata kimoja. Palikuwa na mawe meusi, mashimo ya vigingi, viatu vya plastiki, na wanawake wachache waliokuwa wakiokota mbao.

Mmoja wao alimkumbuka Nyirarukundo. "Ule muzee mwenye mikono mibaya? Alipanda milima na mujukuu wake. Bako juu ya Sake, kwenye ile njia ya kwenda Masisi."

Alikwenda wiki iliyofuata, kwa pikipiki mpaka Sake, kisha kwa miguu saa mbili akiuliza nyumba kwa nyumba. Aliwakuta kwenye kibanda cha majani ya migomba. Msichana wa miaka kama kumi na sita alikuwa anafua. Nyirarukundo alikuwa ameketi juani, mgongo ukutani, vidole vyake vimejikunja kama makucha ya ndege. Ugonjwa wa viungo ulikuwa umeifunga mikono yake.

Alimtambua kabla hajasalimu. "Mama wa chumvi," alisema. Ndivyo alivyokuwa akimwita zamani.

Marcelline alikaa chini, kwenye udongo. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yalimtoka ovyo, ya mwisho yakaja kwanza. Alisimulia juu ya Josias, kitabu, watu wa bahari ya baridi na vyungu vyao vilivyochongoka, hadi mjukuu akaacha kufua ili asikilize. Kisha alisimulia juu ya biro la shirika.

"Walikutaka wewe," alisema. "Sikutaja jina lako. Nikasema ni mimi."

"Nilijua ile siku ile ile," Nyirarukundo alisema. "Mutu akidanganya, haangalii mutu kwenye macho. Wewe uliangalia vigae tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unajua."

Nyirarukundo aliuliza kama Élodie yuko hai. Aliposikia kwamba ni muuguzi aliitikia kwa kichwa polepole, kwa kuridhika. Halafu akamwelekezea mjukuu kidevu, akasema, bila kupandisha sauti, "Mama ya huyu Ange alikuwa mugonjwa mwaka ule. Binti yangu. Nilikuwa natafuta ile kazi kwa ajili yake. Alikufa kwenye masika."

Marcelline hakujua. Katika miaka mitatu ya kuketi mlangoni pa mwanamke yule, alijua jina la binti na kikohozi chake alikisikia kupitia turubai, lakini hakuwahi kuuliza. Alilia, akaona aibu kulia, kwa sababu hakuwa yeye aliyefiwa. Nyirarukundo alimwacha alie. Hakumshika, na hakumfukuza.

"Nitampigia Josias," Marcelline alisema mwishowe. "Aandike ukweli. Aandike jina lako, lisomwe huko Ulaya."

"Jina hapana."

"Ni haki yako."

"Nimeandikwa mara nyingi," Nyirarukundo alisema. "Kambi ya kwanza baliniandika, ya pili baliniandika. Liste ya unga, liste ya turubai. Halafu batu ba bunduki nao banakuja na liste. Sitaki jina yangu ikae kwenye karatasi pahali sijui. Aandike kwamba kulikuwa mutu. Hiyo inatosha."

"Basi nimfundishe Ange," Marcelline alisema. "Kile ulichonipa, nimrudishie yeye. Nitakuja kila mwezi."

Ange alifuta mikono kwenye kitenge. Alijibu kwa adabu, kama anavyojibu mgeni. "Aksanti, mama. Lakini batu banatuita bale ba byungu, na banacheka. Mimi nataka kujifunza kushona."

Marcelline alimtazama Nyirarukundo akitumaini atasema neno. Nyirarukundo alikuwa akitazama bonde.

Usiku haukumkuta njiani. Alirudi Katoyi jua likiwa bado juu, akamwomba Élodie ampigie Josias simu, akasema yote bila kujitetea. Josias hakukata maneno yake.

"Mama Élodie," Josias alisema. "Ile chungu niliivunja, niko na picha ya ukuta wake. Kamba zako zimelala kwa mshazari, zote. Hiyo mutu hawezi kuiona kwa inje. Haionekani kwenye picha niliyokupa, na haionekani vizuri kwenye kigae cha kuokota. Inapita mukono kwa mukono tu. Na walimu wangu wengine ndivyo banasema juu ya vile vya Baltiki, kwamba kuna mishazari inafanana na ya watu wa mashariki. Niliona. Nikasema ni bahati. Nilikuwa nataka jibu lako liwe kweli kuliko wewe ulivyotaka."

"Kosa ni yangu."

"Ni ya sisi wawili. Nilikuuliza mara moja. Ningekuuliza mara tatu."

Alieleza kwamba sura ile yote lazima aikatae kwa maandishi, na kwamba watu waliokwisha kuitaja katika makala zao wataendelea kuitaja, maana masahihisho husomwa na wachache. Kama angeujua ukweli mwaka ule, alisema, angeandika sura nyingine kabisa: jinsi ujuzi ulivyohamia katika kambi ya wakimbizi, kutoka kwa mwanamke aliyedharauliwa kwenda kwa mwanamke aliyeona haya kumtaja, na jinsi katika kizazi kimoja tu aliyefundisha alivyofutika. Labda pwani ile ya kaskazini nayo iliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Angejifunza zaidi kwa Nyirarukundo kuliko kwa vigae elfu. Lakini sasa mikono yake imejikunja, haiwezi tena kuonyesha kitu.

Masahihisho yalichapishwa Septemba, ukurasa mmoja na nusu katika jarida. Élodie alimsomea. Yalisema kwamba mfinyanzi wa Goma alifundishwa, kwa zaidi ya miaka mitatu, na mfinyanzi mzoefu kutoka Masisi, ambaye ameomba asitajwe. Chini ya hapo jina la Marcelline lilikuwa limeandikwa lote, kama alivyotaka mwenyewe, pamoja na maneno yake kwamba alisema uongo na kwa nini.

"Umeridhika?" Élodie aliuliza.

"Hapana," alisema Marcelline.

Alipanda tena juu ya Sake mara mbili mwaka ule, akiwa na chumvi na dawa za maumivu ambazo Élodie alimchagulia. Mara ya kwanza waliketi pamoja, wakazungumza juu ya mvua. Mara ya pili alikunywa maji katika kikombe cha Nyirarukundo, na mwenye kikombe aliona lakini hakusema lolote. Mwezi Novemba njia ilifungwa kwa sababu ya mapigano, na kufikia Noeli hakuna mtu Sake aliyeweza kumwambia kama kibanda kile bado kina watu.

Siku za kazi huketi uani kwake Katoyi na kufinyanga. Wateja wanasifu vyungu vyake, na yeye huwaambia, hata wasipouliza, vimetoka mkononi mwa nani. Wengi huitikia tu na kuuliza kama vinastahimili moto mkali.